Daraja Kubwa la Blenheim: maswali mnayouliza sana na majibu yake

Hili daraja liko wapi hasa?

Liko Uingereza, Oxfordshire, ndani ya uwanja wa kasri la Blenheim, pembeni ya kamji kanaitwa Woodstock. Toka Oxford mjini ni kama kilomita 13 tu. Uwanja wenyewe ni mkubwa, eka 2000 na ushee, una misitu, malisho ya kondoo, ziwa, na katikati ya hilo ziwa ndo unalikuta daraja. UNESCO waliliweka kasri na uwanja wake kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987, na daraja limo humohumo.

Mbona jina la Kijerumani?

Kwa sababu ya vita. Tarehe 13 Agosti 1704 jeshi la Waingereza na washirika wao, chini ya John Churchill, Duke wa kwanza wa Marlborough (Duke ni cheo kikubwa cha kikabaila), liliwapiga Wafaransa na Wabavaria karibu na kijiji cha Blindheim kando ya mto Danube, Waingereza wakalitamka Blenheim na likabaki hivyo. Malkia Anne alifurahi mno, akampa Duke ardhi yote ya Woodstock na ahadi ya kujengewa nyumba kwa hela ya serikali. Kiasi gani, ahadi ikoje, hamna aliyeandika vizuri, na hapo ndo matatizo yote yalipoanzia, utayaona mbele.

Kodi ya ardhi ile ni bendera moja tu kwa mwaka, inapelekwa Windsor kwa mfalme au malkia kila ifikapo siku ya ile vita. Mpaka leo wanapeleka.

Nani alilichora?

John Vanbrugh. Huyu jamaa hakusomea ujenzi, alikuwa mwanajeshi, akafungwa Ufaransa mpaka gereza la Bastille akalala, akarudi akawa mwandishi wa michezo ya kuigiza London, alafu ghafla akaanza kuchora majumba makubwa kuliko ya watu waliosomea. Msaidizi wake alikuwa Nicholas Hawksmoor ambaye ndo alikuwa fundi wa michoro kweli kweli, na kazi ya mawe ya daraja aliibeba Bartholomew Peisley, mwashi wa Oxford. Mi huwa nasema jina la Peisley litajwe kila mara daraja linapotajwa, manake mchoro ni karatasi, lile tao lilisimama kwa mikono ya waashi.

Kulikuwa na mchoro mwingine pia, wa Christopher Wren, yule wa kanisa la Mtakatifu Paulo London. Yeye alitaka daraja la kawaida, la chini, la bei nafuu. Vanbrugh akashinda.

Kwa nini walijenga daraja kubwa vile juu ya kijito kidogo?

Hili ndo swali la maana kuliko yote na watu wa zama zile waliliuliza vilevile, tena kwa kucheka.

Pata picha. Kasri limekaa juu ya mwinuko. Mbele yake kuna bonde, chini ya bonde kinapita kijito kinaitwa Glyme, ambacho siku hizo kilikuwa kimejigawa vimikondo vimikondo kwenye tope na majani, maji ya kuvuka kwa kuruka sehemu zingine. Ng'ambo ya bonde ardhi inapanda tena. Duke anataka wageni waje na magari yao ya farasi kutoka ule upande wa pili mpaka mlangoni.

Wren alisema washuke bondeni, wavuke kadaraja, wapande. Vanbrugh akasema hapana, huyu mtu ameshinda vita kubwa kabisa ya wakati wake, mgeni wake hawezi kuzama shimoni kama anaenda kuchota maji alafu aibukie mbele ya nyumba, barabara inatakiwa ije sawasawa kutoka kilima mpaka kilima. Basi akaweka tao moja la katikati lenye upana wa futi 101, karibu mita 31, na matao mawili madogo pembeni, yote hayo juu ya kijito ambacho mtoto angekivuka bila kulowa magoti.

Kwa hiyo waliocheka walikuwa na haki yao kwa walichokiona. Ila mi naona Vanbrugh hakuwa anapima maji, alikuwa anapima bonde. Ukilipima daraja kwa kijito ni kichekesho, ukilipima kwa bonde zima na nyumba iliyo juu yake linakaa sawa kabisa. Maji ya kulitosha yalikuja baada ya miaka zaidi ya 50, na yeye alikuwa ameshakufa.

Ni kweli kuna vyumba ndani ya daraja?

Kweli tupu. Zaidi ya 30. Sio vishimo, ni vyumba, vina madirisha, vina ngazi, vingine vina sehemu za kuwashia moto na bomba la moshi. Zile nguzo nene unazoziona pande mbili za tao kubwa ndani yake ziko wazi, zimegawanywa ghorofa ghorofa, na ukiangalia vizuri kutoka ng'ambo utayaona madirisha yamejipanga kama ya nyumba.

Mke wa Duke, bibi Sarah, alivihesabu akapata 33, akaandika kwa hasira. Vanbrugh kwa upande wake aliwahi kumwambia kwamba siku daraja likiisha atakuta humo ndani mna nyumba na atataka kwenda kukaa mwenyewe. Hakwenda.

Watu huuliza vilikuwa vya nini. Wazo mojawapo ni sehemu za kupumzikia wakati wa joto, umekaa dirishani chini ya tao, maji yanapita, upepo unaingia. Alafu kuna sababu ya kiufundi ambayo mafundi wataielewa haraka: ukijaza mawe ndani ya nguzo nene vile yote, umebeba mzigo na gharama bila faida, ukiacha nafasi ndani umepunguza uzito na mawe. Sasa kama nafasi ipo, Vanbrugh sio mtu wa kuiacha giza, akaweka madirisha.

Huyo bibi Sarah alikuwa na shida gani na daraja?

Nimtetee kidogo kwanza kwa sababu watu wanamfanya mkorofi tu. Sarah alikuwa rafiki wa karibu wa Malkia Anne kwa miaka mingi, alikuwa mtu wa hesabu, anajua shilingi inaenda wapi. Toka mwanzo alimtaka Wren, na alitaka nyumba ya kuishi, sio sanamu ya ushindi. Kila akija anakuta mawe yanazidi kuja, mume yuko vitani, na fundi mkuu anaongeza vyumba ndani ya daraja.

Baadae urafiki wake na Malkia ukavunjika, mwaka 1710 wakaonana mara ya mwisho. Mwisho wa 1711 Duke akafukuzwa kazi, 1712 hela ya serikali ikakauka, kazi ikasimama, mafundi hawajalipwa, Duke na mkewe wakaondoka nchini. Wakarudi 1714 Anne alipofariki. Kazi ikaanza tena 1716, safari hii hela inatoka mfukoni kwa Duke mwenyewe, sasa we fikiria Sarah anavyoliangalia lile daraja. Kwa jumla kasri lote lilikula kama pauni 300,000 na humo 60,000 zilikuwa za familia.

Novemba 1716 ugomvi ukafika mwisho, Vanbrugh akaandika barua ya kuacha kazi. Na kinachoniuma mimi mpaka leo ni cha 1725. Vanbrugh alikuja na mkewe pamoja na wageni wengine kuja kuiona kazi, akakuta amri ya Sarah getini: huyu na mkewe wasiingie. Mtu aliyeitoa nyumba nzima kichwani mwake akarudishwa mlangoni. Mwaka uliofuata, 1726, akafa. Sarah alikuwa na sababu zake za hela na mi nimezitaja, lakini hili la getini siwezi kumtetea.

Kwani daraja liliisha?

Halijaisha vile lilivyochorwa. Juu ya daraja Vanbrugh alichora matao mengine mfululizo kama ukumbi wa wazi, na minara kwenye kona. Sarah hakukubali kulipia hayo. Kwa hiyo unachokiona leo ni sehemu ya chini ya mchoro na barabara juu yake, kichwa hakipo.

Kuna wanaosema ni bora, kingekuwa kizito mno. Mi nakubaliana nao, ingawa kwa shingo upande. Lilivyo sasa barabara imekaa mstari mmoja mnyoofu na tao linabeba peke yake, jicho halisumbuliwi.

Ziwa lilikuja lini?

Kwa hatua. Kwanza miaka ya 1720, Duke ameshafariki, Sarah alimleta kanali mmoja, John Armstrong, akaukusanya mto Glyme kwenye mfereji ulionyooka ukapita chini ya tao. Ulikuwa nadhifu ila bado ni mfereji mwembamba chini ya daraja la jitu.

Alafu mwaka 1763 hivi Duke wa nne akamwita Lancelot Brown, huyu ndo alikuwa bingwa wa kupanga mandhari wa enzi zile, Waingereza wanamuita Capability. Brown hakugusa daraja hata jiwe moja. Alienda chini kabisa kule maji ya mto yanakoelekea, akajenga ukuta wa kuzuia maji, akakaa akasubiri. Maji yakapanda bonde zima, yakameza mfereji wa Armstrong, yakameza tope na majani, yakafika kwenye daraja na kuzifunika sehemu zake za chini, na kwa mara ya kwanza lile tao likawa na kitu cha kuvuka. Maji yanayozidi yanamwagika pale kwenye ukuta kwa maporomoko, alafu Glyme inaendelea kuutafuta mto Evenlode na huo unaingia Thames.

Sehemu hii huwa naisoma tena na tena. Watu wawili ambao hawakufanya kazi pamoja hata siku moja, mmoja kafa miaka karibu 40 kabla ya mwenzie kufika, na kazi ya wa pili ndo imefanya ya wa kwanza ieleweke.

Sasa vile vyumba vya chini?

Vikazama. Hiyo ndo gharama yake. Brown alipopandisha maji, vyumba vya chini vikaingia ziwani na vikakaa humo miaka zaidi ya 250.

Mwaka 2018 ndo watu walipata nafasi ya kuviona. Upande mmoja wa ziwa, unaitwa Queen Pool, ulikuwa umejaa tope linaloletwa na mto mpaka kina kimepungua sana, ndege wa majini wanapata shida, ikabidi maji yashushwe ili tope litolewe. Maji yaliposhuka wakaingia ndani ya daraja. Wakakuta ngazi zimesimama, plasta bado imeshika ukutani, sehemu za moto zipo, mabaki ya maboti yaliyozama, na maandishi ya watu waliochora majina yao ukutani miaka ya 1760, yaani muda mfupi tu kabla maji hayajapanda.

Hao walioandika majina ndo nawafikiria sana. Walikaa mle wakavu kabisa, wakachonga, wakatoka, alafu mlango ukafungwa na maji.

Tao la mawe linasimamaje bila nondo wala zege?

Nitaeleza kwa urefu maana hapa ndo maswali mengi yanakuja, hasa kutoka kwa wanafunzi wa ujenzi.

Jiwe linavumilia kukandamizwa, halivumilii kuvutwa wala kupindwa. Ukilaza jiwe refu kama boriti juu ya nguzo mbili, upande wake wa chini unavutika na litapasuka katikati. Tao linakwepa hilo. Mawe yanachongwa kama kabari, upande mmoja mwembamba na mwingine mpana, yanapangwa kwa mduara, kila jiwe linataka kudondoka lakini kabari ya jirani inalizuia, kwa hiyo kila jiwe linakandamizwa tu. Uzito wa magari na watu juu unapita jiwe kwa jiwe mpaka chini.

Ila tao lina tabia moja, linasukuma pembeni. Mzigo haushuki wima, unashuka na kutanuka, kama mtu aliyetanua miguu kwenye sakafu yenye utelezi. Pembeni pasipokuwa na kitu kizito cha kuzuia, miguu inateleza na tao linashuka. Ndo maana zile nguzo za pembeni za Blenheim ni nene vile, sio mapambo.

Wakati wa kujenga tao haliwezi kujishika mpaka jiwe la mwisho la juu katikati liingie. Kabla ya hapo unajenga kwanza kiunzi cha mbao cha umbo la nusu duara, fomuwaki kama tunavyosema saiti, unapanga mawe juu yake kutoka pande zote mbili kwa usawa, ukizidisha upande mmoja kiunzi kinaegemea. Jiwe la juu likiingia unalegeza mbao taratibu, tao linashuka kidogo sana, linajikaza, linabaki. Kwa tao la mita 31 hiyo siku ya kulegeza mbao hakuna mwashi aliyelala usiku wake, nina uhakika.

Mawe ni ya aina gani, na walishikia nini?

Mawe ya chokaa ya maeneo yale ya Oxfordshire na Cotswolds, yana rangi ya asali hivi, asubuhi na jioni yanawaka kabisa. Kati yake udongo wa chokaa, sio sementi, sementi hii ya kisasa ilikuwa haijatengenezwa.

Chokaa ni laini kuliko jiwe na hiyo ni sifa. Daraja likicheza kidogo kwa joto na baridi chokaa inafuata, na unyevu ukiingia unapata pa kutokea. Waliojua kuta za zamani za Lamu au Mji Mkongwe Zanzibar, za mawe ya matumbawe na chokaa, wanalijua tatizo hili bila kuambiwa: mtu anakuja na sementi ngumu, anaziba nyufa, ukuta unaonekana mzima, maji yanajifungia ndani na jiwe lenyewe ndo linaanza kumenyuka. Daraja la zamani linatengenezwa kwa chokaa. Tafadhali sana, hata kama ni ukuta wa bibi yako kijijini.

Kabla ya kasri kulikuwa na nini hapo?

Kulikuwa na jumba la wafalme, Woodstock. Mfalme Henry wa kwanza aliuzungushia uwanja ukuta miaka 900 iliyopita na akafuga humo wanyama wa kuletewa, simba, chui, ngamia, mpaka nungunungu. Elizabeth wa kwanza kabla hajawa malkia alifungiwa hapo na dada yake mwaka 1554.

Vanbrugh alipofika jumba lilikuwa gofu, ng'ambo ya bonde karibu na daraja linapotua. Mwaka 1709 aliandika barua akiomba lisibomolewe, akasema majengo ya zamani yana thamani kwa kumbukumbu ya waliokaa humo na mambo yaliyotokea humo, na pia kwa uzuri wa mandhari. Leo kila mtu anasema hivyo, wakati ule hamna aliyekuwa anasema. Hawakumsikiliza, Sarah akalibomoa baadae. Sasa hivi hamna gofu, ukivuka daraja unakuta majani na jiwe la kumbukumbu tu.

Churchill anahusikaje?

Winston Churchill, yule waziri mkuu wa Uingereza wakati wa vita vya pili vya dunia, alizaliwa kwenye kasri hili 30 Novemba 1874, yeye ni wa ukoo huohuo. Mwaka 1907 alikuja kwetu, akashuka Mombasa, akapanda treni ya Uganda amekaa mbele kabisa ya injini kuangalia wanyama. Agosti ya 1908 akamchumbia Clementine kwenye kibanda cha mawe pembeni ya ziwa la Brown. Amezikwa Bladon, kijiji kilichopo mpakani mwa uwanja.

Mama yake, Jennie, Mmarekani, aliletwa hapo na mumewe Lord Randolph mwaka uleule wa 1874. Walipoingia kwa geti la Woodstock, ziwa na daraja vikatokea ghafla, mume akamwambia huo ndo mtazamo mzuri kuliko wote Uingereza.

Nikienda nisimame wapi?

Ingia kwa lile lile geti la Woodstock, sio geti la magari. Unapita chini ya tao la mawe la Hawksmoor, hatua chache tu, na daraja liko kulia kwako mbele na ziwa lote. Usikimbilie kasri. Alafu vuka daraja lenyewe kwa miguu mpaka ng'ambo, endelea kuelekea ule mnara wenye sanamu ya Duke juu, geuka nyuma, hapo ndo utaona Vanbrugh alikuwa anataka mgeni aone nini.

Kabla hujaondoka shuka kando ya maji, upande wowote usio na majani mengi, uangalie chini ya daraja pale jiwe linapokutana na ziwa. Kuna madirisha ambayo maji yamekaa karibu kabisa na kizingiti. Chini ya hayo kuna mengine.